Kichanga Kina Mchango

Juzi jirani yangu alikuja kuomba moto, na kabla hajavuka kizingiti harufu ya mvuje ilikuwa imeshaingia. Alikuwa amembeba mwanawe wa wiki chache, kitambaa cheusi kimefungwa kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, na ndani yake ule utomvu mkavu unaonuka kama kitunguu kilichooza. Akaniomba radhi kwa harufu. Nikamwambia asijali, aketi. Sikumwambia kwamba kwangu mimi, niliyekulia milimani Uluguru Mdachi akiwa bado ameketi bomani Morogoro, mvuje haunuki vibaya wala vizuri. Kwangu ni harufu ya kutoelewa. Nikiivuta narudi kuwa na kimo cha kinu, nimesimama katikati ya watu wazima wanaozungumza juu ya kichwa changu, na kila neno nalisikia, na hakuna hata moja linalokaa mahali pake.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya Kinole, kwenye mgongo mwembamba wa mlima. Asubuhi ukungu uliingia mlangoni wakati kuku wakitoka, wakapishana. Kwa kuwa njia zilikuwa za kupanda na kushuka tu, watu walizoea kuzungumza kutoka mgongo hadi mgongo. Mwanamke alisimama uani kwake akauliza kama una chumvi, na jibu likavuka bonde likamkuta bado ameshika kiuno. Nilikua nikiamini kwamba mlima mzima ni nyumba moja yenye vyumba vingi.

Nyumbani tulisema Kiluguru. Kiswahili kilikuwa lugha ya huko chini: ya barabara, ya misheni, ya akida, mtawala tuliyewekewa na Mdachi, na karani wake. Kilipanda mlimani kama chumvi na kaniki zilivyopanda, mabegani mwa watu, na sisi watoto tulikiokota vipande vipande pale kilipodondoka. Baba pengine angetukusanyia vipande hivyo, lakini baba alikuwa kwenye kazi ya reli na hatukumwona kwa misimu. Nilidhani watu wazima wote wanakielewa. Nilidhani ndiyo maana yenyewe ya kuwa mtu mzima: siku moja unaamka, matiti yameota au ndevu zimeota, na Kiswahili kimo kichwani.

Tulikuwa watu wachache pale uani. Bibi, mama yake mama, ambaye nyumba ilikuwa yake na mashamba yalikuwa yake, kwa sababu kwetu ukoo hufuata tumbo la mama. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho juu yetu sisi watoto wa dada yake. Mkude, mtoto wa mjomba, aliyenizidi umri na majivuno. Mama. Mimi. Na mvua za vuli zilipoanza, mdogo wangu.

Hakuwa na jina bado. Mtoto mchanga kwetu hukaa ndani mpaka siku yake ya kutolewa nje, na hadi siku hiyo huitwa kwa lolote linalomjia mtu mdomoni. Bibi alimwita Mgeni. Mimi nilimwita Wangu, kwa sababu mama aliponionyesha mara ya kwanza alisema, "Haya, huyu wako," na mimi nikamchukulia neno lake kama lilivyo.

Kisha akaanza kulia. Ilikuwa ikianza jua likishapita utosini. Alikunja miguu mpaka magoti yakagusa tumbo, uso ukaiva, na tumbo lenyewe likakaza kama ngoma iliyowambwa karibu na moto. Akipewa ziwa alilishika, akalivuta kidogo, akaliachia kwa kilio kana kwamba limemchoma. Baina yangu na yeye palikuwa na mtoto mwingine, aliyezikwa nyuma ya migomba kabla sijajua kuhesabu wadogo zangu. Yule naye, niliwasikia wakisema kwa sauti ya chini, alianza na tumbo. Hakuna aliyeitaja migomba ile mbele ya mama. Lakini Bibi akiwa anamkanda mtoto aligeuza macho upande huo, na mama naye aliyaona macho ya Bibi yakigeuka.

Bibi ndiye aliyeanza na dawa. Alichuma kivumbasi, ule mmea ambao majani yake ukiyasugua vidoleni yanakupa harufu kali ya baridi, akayatandaza juu ya kigae cha moto mpaka yakalegea, akajaribu joto lake shavuni mwake, kisha akayalaza juu ya tumbo la mtoto na kulifunga kwa kitambaa. Kulikuwa na mzizi pia. Aliuchimba mwenyewe msituni, akauchemsha, akadondosha tone moja la maji yake kwenye ulimi wa mtoto kwa ncha ya kidole. Mzizi huo haukutajwa jina. Dawa ikitajwa mbele ya mgonjwa, Bibi aliamini, inakuwa kama mwizi aliyeitwa kwa jina lake: inakimbia bila kufanya kazi iliyoijia. Kwa hiyo alikuwa akiniambia, "Nipe kile cha kule," na mimi nilitakiwa kujua kile ni kipi na kule ni wapi.

Mjomba alitembea mpaka misheni akarudi na chupa. Mtawa mmoja alikuwa amemtilia maji yaliyochemshwa na mbegu za shamari, matamu, yenye harufu ambayo sikuwahi kuikuta mahali popote mlimani. "Kijiko kidogo," mjomba alisema, akiwa ameishika chupa ile kwa mikono miwili kama yai. Kijiko hatukuwa nacho. Bibi akaangalia chupa, akaangalia kidole chake, akasema kidole kimelea watoto wengi kuliko kijiko.

Halafu akaja Bi Mwanaidi. Alikuwa mke wa karani wa akida, mtu wa pwani, mnene, mcheshi, mwenye kanga mbili wakati ambapo mlimani kwetu wanawake walikuwa na kaniki moja. Alikuwa akipanda kwetu kununua ndizi, na siku hiyo alisikia kilio kabla hajafika uani. Akaingia ndani moja kwa moja, akaketi, akamlaza mtoto mapajani mwake na kuligonga tumbo lake kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayechagua tikiti.

"Mwenzangu," alimwambia mama, "hiki kichanga kina mchango."

Mama akasema, "Ndiyo."

"Na mchango huu utolewe upesi. Msikae nao. Ukichelewa kutoka, utamchukua."

"Ndiyo," mama akasema tena.

Bi Mwanaidi akafungua pindo la kanga yake akatoa kipande cha mvuje, na nyumba nzima ikabadilika. Alikisaga kidogo ndani ya mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, akampaka mtoto kuzunguka kitovu, na kipande kilichobaki akakifunga mkononi mwa mtoto kwa utambi wa kaniki.

"Hilo dude linanuka," Bibi alisema kwa Kiluguru.

"Ndiyo dawa hiyo, mama. Shetani mwenyewe hakai penye mvuje, sembuse upepo wa tumbo," Bi Mwanaidi alijibu kwa Kiswahili.

"Litawakimbiza nyuki wangu."

"Ee, na jicho la watu pia linakimbia."

Sijui hadi leo kama walikuwa wakisikilizana. Kila mmoja alijibu uso wa mwenzake. Lakini mimi sikuwa nao tena. Nilikuwa nimebaki nyuma, kwenye yale maneno ya kwanza, kwa sababu lile neno nililijua.

Siku mbili tatu kabla, tarishi wa jumbe, mkuu wa kijiji aliyekuwa chini ya akida, alikuwa amepita akipiga mbiu. Askari walikuwa wakija, na akida alitaka chakula chao. Alisimama kwenye kila mgongo wa mlima akapuliza pembe yake, akaita kwa Kiswahili, "Mchango! Mchango wa kila nyumba!" Na mtu wa kila nyumba akaitikia kutoka uani kwake kwamba amesikia. Sasa Bi Mwanaidi, mke wa karani wa akida huyo huyo, alikuwa amekaa ndani mwetu na mdogo wangu mapajani, akisema kwamba mchango utolewe upesi.

Nilimfuata Mkude nyuma ya banda la mbuzi. Mkude alikuwa akienda misheni kusoma, na alikuwa amerudi na maneno mengi kuliko sisi sote.

"Mchango ni nini?"

"Wewe hujui kitu," alisema. Aliendelea kuchonga mti wake. "Mimi Kiswahili nakijua chote. Nakijua mpaka mwisho, mpaka amina."

"Basi niambie."

"Mchango ni kitu ambacho kila nyumba inatoa, kinapelekwa kwa akida."

"Kitu gani?"

"Chochote kilichomo nyumbani. Mwenye mahindi anatoa mahindi. Mwenye kuku anatoa kuku."

"Na kichanga?"

Mkude akaacha kuchonga. Nadhani neno hilo hakulijua, na hakuwa mtu wa kukiri. "Kichanga nacho kinatolewa," alisema. "Hicho ndicho wanachokitaka zaidi."

Nilimwamini kabisa. Leo nikikumbuka, siwezi kumcheka, kwa sababu hakusema uongo wowote mkubwa. Alijibu swali ambalo hakulielewa, kama watu wote walivyokuwa wakifanya mlimani siku zile. Mashamba ya watu yalikuwa yameshachukuliwa. Baba yangu aliitwa kwenye reli akaenda. Kwa nini mtoto asichukuliwe? Lililonishangaza halikuwa kwamba akida anamtaka mdogo wangu. Lililonishangaza ni mama kusema ndiyo.

Siku zilizofuata nilisikiliza kwa masikio mapya, na kila nilichosikia kilinithibitishia. Neno la Bi Mwanaidi lilikuwa limeshika. Hata Bibi, aliyelitamka kama mtu anayetema maganda, sasa aliuita ugonjwa ule "huo mchango wenu". Asubuhi alimwinamia mtoto, akambonyeza, akauliza, "Bado haujatoka?" Mama akatikisa kichwa. Mjomba akipita mlangoni, kabla ya salamu, "Umetoka?" Bado. Wote walionekana kuwa na haraka ya kitu kile kutoka, na walipoambiwa bado, walisikitika. Mimi nilifurahi peke yangu.

Mama alikuwa akikonda. Kila mwenye dawa alikuwa na kitu cha kumkataza. Bibi alimkataza maharage, Bi Mwanaidi akamkataza matembele, na yule mtawa, kwa kinywa cha mjomba, akamkataza pilipili, hata mama akabaki na uji mwembamba na mashaka. Mtoto alinuka kivumbasi tumboni, shamari mdomoni na mvuje mkononi, na katikati ya harufu hizo tatu nilikuwa nikitafuta harufu yake mwenyewe, ile ya siku za kwanza, nikaikuta nyuma ya sikio tu. Nilimwekea pua hapo. Nilimnong'oneza kwamba hatatoka.

Siku ya mchango mvua ilikuwa imekatika. Bibi alikwenda msituni kwa ajili ya kile cha kule. Mjomba alikuwa na watu wengine njiani wakipokea makapu ya mahindi. Mama, ambaye alikuwa hajafumba macho tangu sijui lini, alilala akiwa ameketi, mgongo ukutani, mtoto akilia mapajani mwake, na kilio chenyewe kimekuwa chembamba, cha kukwaruza, kama mlango wa banda. Kutoka chini nikasikia pembe ya tarishi. Ikalia tena, karibu zaidi.

Nilimchukua. Nilichukua mbeleko kwenye kamba, nikainama kama nilivyoona wanawake wakiinama, nikamrusha mgongoni na kufunga fundo juu ya kifua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, kupitia kwenye migomba, nikapanda.

Juu ya shamba la Bibi, mahali mahindi yalipokutana na msitu, kulikuwa na dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambacho watu hukaa wakiwafukuza nyani. Njia ya kwenda huko ni ya kushika majani kwa mikono. Nilikuwa nikipanda mbio, nikiteleza, nikiinuka, na mtoto amesimama wima mgongoni mwangu, tumbo lake limebanwa kwenye uti wangu, kichwa kinagonga bega langu kila hatua. Alilia mpaka kwenye mawe. Baada ya mawe akacheua, mara moja, sauti nzito ya mzee aliyeshiba. Kisha nikasikia tumbo lake lote likinguruma dhidi ya mgongo wangu, nikadhani ni mimi mwenye njaa. Halafu kitu cha moto kikanimwagikia kiunoni, kikashuka mpaka kwenye paja, kingi, na harufu yake ikaushinda hata mvuje. Sikusimama. Nilipanda ngazi ya dungu na uchafu ule ukikauka miguuni, nikamfungua, nikamlaza kifuani mwangu kwenye majani makavu. Alikuwa ananitazama. Alipiga mwayo, akalala.

Sijui tulikaa muda gani. Jua liliingia kwenye nyufa za kuta na kumchora mistari usoni. Chini, mbali, niliona wanawake wakiteremka wamebeba makapu kichwani, mmoja nyuma ya mwenzake, na nikatazama kila mgongo kama una mtoto. Halafu jina langu, Semeni, likaanza kupita bondeni. Mama aliita. Bibi aliita, na katika sauti yake mlikuwa na fimbo. Jirani wa mgongo wa pili akaita akisema hajaniona, na wa tatu akaita akiuliza aliyepotea ni nani.

Aliyenipata ni mjomba. Nilimsikia akihema chini ya dungu.

"Semeni."

Nikalala chini zaidi kwenye majani.

"Nakuona miguu."

Nikaivuta miguu.

"Sasa sikuoni. Lakini ngazi ina mavi."

Akapanda ngazi mpaka kichwa chake kikatokea, na jasho limemjaa kwenye nyusi. Alimtazama mtoto kwanza, kwa hofu ambayo sikuielewa, akaweka kiganja mbele ya pua yake, akakaa nacho hapo. Kisha akashusha pumzi.

"Mjomba, simtoi," nilisema.

"Kumtoa umeshamtoa. Mtoto hajafika siku zake za kuona jua, umemleta kwa nyani. Bibi yako anatafuta fimbo."

"Simtoi kwa akida."

Mjomba alijifuta jasho. "Akida ana watoto wake wamemshinda. Wa kwetu wa nini?"

"Wa mchango. Tuna mchango."

"Kila nyumba ina mchango. Wa kwetu uko tayari, nimeufunga miguu mwenyewe asubuhi."

Nikatazama miguu ya mdogo wangu. Haikuwa na kamba. Nilizidi kumbana kifuani. Mjomba naye alikuwa ameshaacha kunisikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye mbeleko, kwenye lile doa kubwa la manjano, na uso wake ulikuwa unafunguka polepole.

"Hii imetoka kwake?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote. Nyingine ilidondoka njiani."

Akatia mkono chini ya kitambaa akaligusa tumbo la mtoto. Nami nililigusa baada yake. Ile ngoma ilikuwa haipo. Lilikuwa tumbo laini, limelegea kama unga uliokandwa ukapumzishwa. Mjomba akageuka pale pale kwenye ngazi, mkono mmoja ameshika nguzo, akauweka mwingine kando ya mdomo, na akalipigia bonde ukelele.

"Mchango umetoka! Jamani, mchango wa mtoto umetoka!"

Kimya kikapita, kile kimya kifupi cha sauti kuvuka. Kisha vigelegele vikapanda kutoka uani kwetu, nikaijua sauti ya Bi Mwanaidi, aliyekuwa amepanda tena kwetu siku hiyo, ikiongoza. Jirani wa mgongo wa pili akavidaka, wa tatu akavidaka kwake, mpaka mlima mzima ukawa unashangilia. Na mimi nikaanza kulia.

"Unalia nini sasa?"

"Ni wa nani?"

"Wa nani nini?"

"Mtoto aliyetoka."

Mjomba alinitazama kama mtu anayetazama kitu chini ya maji. "Teremka, Semeni," alisema. "Mwenzio anataka maziwa."

Hivyo nilishuka nikijua kwamba mdogo wangu amesalimika kwa sababu mtoto mwingine amepelekwa badala yake, na kwamba watu niliowapenda wanashangilia jambo hilo. Uani hakukuwa na fimbo. Mama alimpokea mtoto, akaketi kizingitini, na mtoto akashika ziwa, akalivuta, akaendelea kulivuta. Juu ya vichwa vyao ugomvi ulikuwa umeshaanza.

"Mzizi huo," Bibi alisema. "Mzizi hauna haraka."

"Mvuje, mama. Mvuje ukigusa kitovu hauna mjadala," Bi Mwanaidi alisema.

"Chupa ile niliitembeza kutwa nzima," mjomba alisema, "na hakuna hata mmoja anayeitaja."

Hakuna aliyetaja kupanda mlima, nami sikujua kwamba kupanda mlima kunaweza kuwa dawa. Hata leo sijui. Inawezekana ni mzizi. Mkude alikuwa akinizunguka kwa mbali, ameziba pua, akisema ninanuka kuliko mbuzi.

Nilimwendea Bi Mwanaidi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye lugha yenyewe. Nilikusanya Kiswahili changu chote.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo, lakini usinikaribie sana."

"Tarishi amechukua nani?"

"Tarishi? Ameshakwenda zake." Alitazama njia. "Kamchukua yule mwekundu."

"Mwekundu?"

"Yule mnene. Na mimi nimemsikitikia, maana alikuwa mzuri kweli. Basi tena, jioni wanamla."

Nyumba iliyokuwa chini yetu ilikuwa ya Mama Kibena, na mwanawe, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, alikuwa mtoto mnene kuliko wote pale mlimani, na ngozi yake nyepesi kuliko yetu, hata watu wakasema huyu katoka mwekundu. Sikumbuki nilivyoteremka. Nakumbuka kwamba nilimkuta. Alikuwa ameketi kwenye jivu nje ya jiko, ndizi ya kuchemsha katika kila mkono, uso umepakaa mpaka masikioni, na aliponiona akaninyoshea moja. Nilimkwapua. Alikuwa mzito kama gunia. Nilimfunga mgongoni kwa mbeleko ile ile chafu, nikaanza kupanda naye, na nyuma yangu nikamsikia mama yake.

"Semeni! Wewe! Unampeleka wapi mwanangu?"

Alinifuata hadi uani kwetu, mwiko mkononi. Kila mtu akageuka. Nilikimbia mpaka kizingitini nikasimama nyuma ya mama, nikihema, na Kibena mgongoni mwangu anakula ndizi yake.

"Huyu ana mama yake," Mama Kibena alisema. "Mwambieni binti yenu, kama amezoea kubeba, abebe kuni."

Mjomba ndiye aliyeinama mbele yangu akaanza kuuliza, taratibu, swali baada ya swali, na mimi nikajibu: tarishi, akida, kichanga, Mkude, miguu iliyofungwa, mwekundu atakayeliwa. Nilimwona akiyaunganisha. Alipofika mwisho aliketi chini kabisa, akaegemea kinu, akacheka mpaka machozi. Akamfasiria Bi Mwanaidi, naye akajipiga paja. Ndipo alipolieleza lile neno, akilirudia kwa Kiswahili na mjomba akilirudia kwa Kiluguru: kwamba mchango ni chakula kile ambacho akida anakidai, lakini ule wa watoto ni mwingine, ni maradhi ya tumboni, na kwamba mwekundu ni kuku wetu jike, aliyefungwa miguu asubuhi. Kicheko kilipita kutoka mdomo hadi mdomo. Mama Kibena alicheka. Bibi alicheka kwa kuchelewa. Mkude alicheka kuliko wote, kana kwamba yeye alilijua tangu mwanzo, na mjomba akamnyoshea kidole akamwambia wataonana baadaye, yeye na amina yake.

Mama hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya mtoto, na nilidhani amenikasirikia. Nikamsogelea.

"Mama, wewe ulijua kwamba iko miwili?"

Alitikisa kichwa. "Sikujua hata mmoja."

"Lakini ulikuwa ukisema ndiyo."

"Nilikuwa nikiitikia tu." Alisema kwa sauti ya chini sana, ili wanaocheka wasisikie. "Katika maneno yote ya Bi Mwanaidi nililijua moja. Kuchukua. Hilo nani hapa mlimani asiyelijua? Nikafahamu ananiambia mtoto huyu naye atachukuliwa, kama yule aliyemtangulia. Kwamba nijiandae. Nikasema ndiyo."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi."

Mtoto aliachia ziwa, ameshiba, maziwa yanamtiririka kidevuni. Mama alinisogezea nafasi kizingitini, mchafu vilevile nilivyokuwa, nikaketi nimemwegemea, na wale wengine wakaendelea kucheka.